Kibanda cha Sala Njia Panda: Yaliyoandikwa na Yaliyosimama

Mchanganuo wa gharama ulikuwa wa ukurasa mmoja. Juu kabisa iliwekwa sanamu ya Bikira Maria pamoja na usafiri wake kutoka Dar es Salaam. Zikafuata nguzo nne za mkongo, mbao za kenchi, bati, rangi, vanishi, mifuko ya saruji, kibao cha kumbukumbu chenye tarehe ya kubarikiwa, na mwisho chakula cha wageni wa siku hiyo. Halmashauri ya walei ikaupitisha, jumuiya ndogo ndogo zikagawana michango, na kabla ya Oktoba, mwezi wa Rozari, kibanda cha sala kilikuwa kimesimama njia panda, pale barabara ya mnadani inapoachana na ile ya zahanati. Hii ni Nyanda za Juu Kusini, nchi ya baridi na ukungu, yenye mvua inayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei.

Kilikuwa kizuri. Nalitanguliza hilo kwa sababu mazungumzo ya miradi iliyoharibika huanza kwa kudharau kazi za watu, na kazi ile haikustahili dharau. Ndimi ziliingia kwenye matundu yake zikakaza bila msumari. Paa lilikaa sawa kwa pima maji. Watu waliotoka shambani walitua mizigo, wakavua kofia, wakasali wakaendelea na safari. Lakini baada ya misimu michache ya mvua, nguzo mbili za upande unaopigwa na upepo zililegea usawa wa ardhi, na ukizisukuma kwa kiganja kibanda kizima kinacheza. Juu ya hapo mbao zilikuwa nzima, ngumu, unagonga zinalia. Kilichooza hakikuzidi shubiri moja.

Shubiri hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kibanda cha mbao kikisimama nje, mvua haikishambulii chote kwa pamoja. Ina sehemu zake chache inazozijua, na mara nyingi sehemu hizo ndizo ambazo karatasi ya mradi haikuziwekea hata shilingi.

Tuanze na mguu. Mchoro ulitaka nguzo zichimbiwe sentimita 60 na kumwagiwa zege. Ndivyo wengi wetu tunavyojenga, kuanzia banda la kuku hadi lango la shule, tukiamini kwamba zege linaikinga mbao na udongo. Mbao, hata hivyo, hupungua unene kadiri zinavyokauka. Nguzo iliyosimikwa ikiwa bado mbichi itajikunja ndani ya zege na kuacha ufa mwembamba kuizunguka, mwembamba kiasi kwamba fundi haoni sababu ya kuuziba. Mvua inayotiririka kwenye nguzo huteremkia humo, na ikishaingia haina pa kutokea. Zege limegeuka kikombe na nguzo imesimama ndani yake miezi sita kila mwaka.

Kuvu zinazoozesha mbao zinahitaji maji na hewa kwa pamoja. Mbao ambazo unyevu wake hauzidi asilimia 20 haziozi, hata zikikaa karne nzima. Zilizozama kabisa majini nazo huchukua muda mrefu sana, kwa kuwa hewa haifiki. Pabaya ni pale viwili hivyo vinapokutana, yaani usawa wa ardhi. Hapo ndipo matone ya mvua yanaporuka na matope yake hadi sentimita 30 kutoka chini, na hapo ndipo mchwa wanapoanzia safari yao. Mchwa wa ardhini hawapendi jua wala upepo. Hujenga vijia vya udongo juu ya chochote kinachowaunganisha na chakula, wakapita ndani yake wakiwa kivulini. Nguzo iliyozikwa haiwalazimu hata kujenga hivyo vijia, kwani wanaingilia chini, wanakula katikati, na kuacha ganda la nje likiwa limepakwa vanishi vizuri.

Norwei wamelipitia jambo hili kwa gharama kubwa zaidi yetu. Makanisa yao ya kwanza ya mbao, ya karne ya 11, yalijengwa kwa nguzo zilizochimbiwa moja kwa moja ardhini, na leo hakuna hata moja lililosimama. Wataalamu wa mambo ya kale wanayatambua hasa kwa mashimo ya nguzo, yakiwemo mashimo yaliyogunduliwa chini ya kanisa la Urnes. Lakini kanisa la Urnes lenyewe, lililojengwa kwa miti iliyokatwa mnamo 1130, lipo bado, na UNESCO iliiingiza nyumba hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. La Borgund, ambalo miti yake ilikatwa majira ya baridi ya 1180 kuingia 1181, nalo lipo. Mti ni uleule wa msonobari, mvua na theluji ni zilezile, na mafundi walirithishana jadi ileile. Kilichobadilika ni mguu: nguzo ziliacha kuzikwa, zikasimamishwa juu ya magogo mazito yaliyolazwa juu ya mawe, mahali ambapo maji yakifika hupita na upepo ukija hukausha. Badiliko hilo la kimo cha mguu wa mtu lilitenganisha jengo la miongo michache na jengo la karibu miaka 900.

Kwa kibanda chetu, mguu sahihi haukuhitaji utaalamu wa mbali. Msingi wa jiwe au zege unaopanda juu ya ardhi. Juu yake kiatu cha chuma kilichochomelewa na fundi wa pale sokoni na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Na nguzo inayokaa kwenye kiatu hicho huku chini yake pakipita hewa, uweze kupitisha vidole. Upenyo huo una faida mbili. Maji hayatuami, na mchwa wakitaka kupanda itawabidi wajenge njia yao juu ya chuma, hadharani, ambapo mtoto wa shule atawaona na kuwabomolea kwa kijiti. Gharama ya viatu vinne haifiki hata gharama ya chakula cha wageni. Havikuwekwa kwa sababu aliyechora aliona nguzo kama mstari unaoanzia kwenye nyasi, na waliopitisha mchoro walitazama sanamu.

Nikaulizia nguzo zenyewe. Risiti iliandikwa mkongo, na kweli ulikuwa mkongo, mti ambao wa pwani ya Kenya wanauita mbambakofi. Ni miongoni mwa miti inayodumu sana nje, na mkaguzi yeyote angeweka alama ya tiki na kuendelea. Tatizo halikuwa kwenye jina. Mti wowote, hata ulio mgumu namna gani, una sehemu mbili: moyo wake wenye rangi iliyokolea, ambamo mti umeweka kemikali zake za kujilinda, na tabaka la nje lililopauka, ambalo enzi za uhai lilikuwa likipitisha maji na kuhifadhi chakula. Tabaka hilo jeupe halidumu katika mti wowote duniani. Mkongo mchanga huwa nalo nene. Nguzo zilizofika njia panda zilipasuliwa kutoka miti midogo, na kona zake mbili au tatu zilikuwa nyeupe. Mwenye duka hakudanganya, fundi hakuiba, na karatasi ilisema kweli. Nguzo zikaoza kuanzia kwenye zile kona.

Miti mikubwa ya mkongo, mninga na mvule imeadimika, na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kinahitajika kuivuna na kuisafirisha, jambo ambalo ni sawa kabisa. Kwa hiyo kuandika mkongo kwenye mchanganuo bila kutaja mbao za moyo pekee, zisizo na weupe, ni kuandika nusu ya maneno. Na kama hazipatikani, Nyanda za Juu zina njia nyingine iliyo karibu zaidi. Shamba la miti la Sao Hill liko hapo Mafinga, na wenye mitambo ya kutia mbao dawa kwa mgandamizo wapo. Paini ni mti dhaifu nje, lakini weupe wake hunywa dawa vizuri mpaka ndani. Nguzo ya paini iliyotiwa dawa ipasavyo inaweza kuzidi umri wa mkongo wenye kona nyeupe.

Hapo tena eneo la kazi lina mambo yake. Dawa haifiki kila mahali kwenye nguzo nene. Moyo wa paini huikataa. Fundi akishaipokea nguzo iliyotibiwa, akaikata kichwa, akaitoboa tundu la ulimi, akaichonga mguu ili ikae vizuri, amefungua mlango wa sehemu isiyo na dawa, na mara nyingi anaufungua palepale kwenye mguu. Kila mkato lazima upakwe dawa upya kwa brashi, tena na tena mpaka mbao ziache kunywa, na upande uliokatwa ndio uelekezwe juu, penye ukavu, siyo chini. Mafundi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, kwa kuwa kopo la dawa ya kupakia mikato halimo kwenye orodha ya vifaa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi kuliko kuoza. Dawa inayotumika sana kwenye nguzo hizi, ile inayozipa rangi ya kijanikijani, ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vinavyobaki ni vikavu, vinawaka vizuri, na akina mama wanaopikia wajenzi huvikusanya. Moshi na majivu yake ni sumu. Mradi wowote unaoleta mbao hizo kijijini unapaswa kusema waziwazi vipande hivyo vinakwenda wapi, na anayepika asikie kabla ya kuwasha jiko.

Nikitoka kwenye mguu napanda kwenye paa. Desturi ya kuweka vibanda vya sala kando ya njia ni ya zamani sana huko Ulaya ya kati, na kwetu ina mkondo wake unaojulikana: Wabenediktini waliofika Dar es Salaam mwaka 1888 na Peramiho mwaka 1898 walitoka Sankt Ottilien, Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambako njia za mashambani zina misalaba na visanduku vya mbao vyenye vijipaa. Lakini waliofikisha sanaa hii mbali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Walithuania. Mafundi wao huchonga nguzo ndefu za mwaloni, na juu yake huweka kijumba kidogo chenye sanamu ya mtakatifu au ya Kristo aliyeketi akiwa amejishika shavu kwa huzuni. Vincas Svirskis, aliyeishi kati ya 1835 na 1916, alizunguka vijiji akichonga misalaba yapata 200, na msalaba pamoja na sanamu zake akivitoa kwenye gogo moja la mwaloni. Utawala wa Urusi ya kifalme uliwahi kupiga marufuku misalaba ya njiani baada ya maasi ya 1863, utawala wa Kisovieti uliivunja, watu wakairudisha. Kilima cha Misalaba karibu na Šiauliai kilisawazishwa kwa mabuldoza mwaka 1961, kisha tena miaka ya 1970, na kila mara misalaba ilirudi usiku. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza sanaa hiyo kuwa urithi wa binadamu.

Ukizitazama nguzo hizo kwa jicho la seremala utaona kwamba urembo mwingi ni kazi ya maji. Aina mojawapo ya nguzo ina vipaa viwili hadi vitatu, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kinaikinga sehemu iliyo chini yake. Kichwa cha nguzo hakionekani popote. Kwa nini? Kwa sababu nyuzi za mti ni mirija. Ubavu wa mbao hunywa maji polepole, lakini kichwa kilichokatwa huyanywa haraka mara nyingi zaidi, na kuyashusha ndani kabisa. Kichwa cha nguzo kisicho na kofia ni mdomo uliofumbuliwa kuelekea mawingu. Mchongaji wa Lithuania alikifunika kwanza, ndipo akachonga malaika.

Katika kibanda chetu bati lilipunguzwa. Mchoro wa awali ulikuwa na ukingo mpana wa paa, fedha zikapelea, kamati ikakubaliana kukata upana huo ili sanamu isiguswe. Nauelewa uamuzi ule. Waumini walikuwa wamechangia sanamu, na sanamu ndiyo waliyokuwa wakiiuliza kila Jumapili. Lakini ukingo wa paa ndio mwavuli wa nguzo. Wajenzi wa mbao wana kanuni ya kuvuta mstari kutoka ukingoni kwenda chini kwa nyuzi 60: kilicho nyuma ya mstari kinahesabika kuwa kikavu hata mvua ikija na upepo wa kawaida. Ukingo wa sentimita 60 unalinda takriban mita moja ya juu ya nguzo. Ukikatwa ukabaki sentimita 20, unalinda sentimita 35 tu, na yote iliyobaki inaloa. Kamati haikukata bati. Ilikata umri wa nguzo mbili za upande wa upepo, na hakuna aliyekuwepo pale wa kuwaeleza hivyo kwa lugha ya shilingi na miaka.

Bati pia lina tabia ambayo watu wa pwani hawaijui sana. Huku juu, usiku wa Juni na Julai hushuka baridi kali, sehemu nyingine na jalidi, na asubuhi upande wa ndani wa bati hudondosha matone kama vile mvua imenyesha ndani. Matone yale huangukia kenchi na bega la sanamu. Panahitajika nafasi ya hewa chini ya bati, au dari ya mbao nyembamba iliyoachanishwa na bati. Vigae vya mbao, vile vya Bavaria vinavyopasuliwa kwa shoka kufuata nyuzi, havina shida hiyo, na sioni sababu ya vijana wetu kutojifunza kuvipasua.

Kuhusu vanishi nitasema machache. Inang'aa siku ya kubariki. Jua la milimani huichoma, inapasuka, maji yanaingia chini ya ganda lake na kubaki humo. Rangi ya mafuta inayoingia ndani ya mbao, isiyojenga ganda, hufifia bila kubanduka, na unairudishia bila kukwangua. Mbao zilizoachwa bila chochote hugeuka kijivu na kulika taratibu mno, milimita chache kwa karne, ilimradi ziwe zinakauka. Oili chafu ya magari, ambayo wengi tunapaka kwenye nguzo za uzio, haiui kuvu, inachafua udongo na nguo za wanaopiga magoti. Isipakwe.

Sasa watu. Hakuna mchoro niliouona wa kibanda cha sala uliokuwa na mtu ndani yake, na kibanda kisicho na watu ni sanduku. Akina mama wa jumuiya huleta maua kila Jumamosi katika makopo ya maziwa, wanayajaza maji pomoni, maji yanamwagika kwenye rafu ya mbao, kopo linaacha duara la kutu na chini ya duara mbao zinalainika. Haiwezekani kuwaambia wasilete maua. Kinachowezekana ni rafu ya jiwe, au rafu ya mbao iliyoinamishwa kidogo kuelekea nje na kuwekewa bamba. Mishumaa ni hatari kubwa zaidi. Waumini huibandika kwa nta yake popote penye usawa, hata kwenye mguu wa nguzo, wanaondoka nayo ikiwaka. Trei ya chuma yenye mchanga, ikikaa mbele ya kibanda hatua moja nje ya paa na ikawa na kifuniko chake cha bati, inamaliza jambo hilo. Aliyelifikiria hapa alikuwa mama mmoja mzee anayefagia pale, naye hakuwa mjumbe wa kamati.

Halafu kuna vijana wa bodaboda. Mvua ikikolea wanajibanza chini ya paa, wanaegemeza pikipiki kwenye nguzo, kanyagio linakwaruza palepale penye unyevu. Baadhi ya wanakamati walitaka uzio. Mimi naona kijana aliyejikinga mvua mbele ya sanamu ya Mama hajakosea mahali. Awekewe benchi na jiwe la kuzuia gurudumu, na ukingo wa paa uongezwe. Uzio wa nini kwenye kitu kilichojengwa kwa ajili ya wapita njia?

Na kuna barabara yenyewe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na Watanzania wote wanajua maana ya alama ya X ukutani. Kibanda cha njiani, kwa asili yake, kinataka kuwa karibu na njia. Miradi mingi ya aina hii huchagua mahali kwa macho: panapoonekana vizuri, penye mti mkubwa, palipotokea ajali. Kupima kutoka katikati ya barabara kunasahaulika mpaka mpimaji afike. Hapa ndipo mbao zinapoishinda groto ya mawe na saruji kwa mbali. Kibanda kilichofungwa kwa bolti zilizopakwa zinki, nguzo zikiwa juu ya viatu vya chuma, kinafunguliwa kwa siku moja na kuhamishwa kwa mkokoteni. Kilichozikwa kwenye zege kinabomolewa. Ukiniuliza kwa nini nitetee mbao penye mvua kiasi hiki na mchwa kiasi hiki, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba kila kipande kinabadilishika peke yake na seremala wa palepale.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana jibu jingine kabisa, na linastahili heshima yake. Vigango, nguzo za ukumbusho wanazowasimikia wazee wa chama cha Gohu waliofariki, huchongwa kwa mti mgumu wa kudumu, husimama bila paa, na havihamishwi. Boma likihama, vinabaki. Jua, mvua na mchwa vinaachiwa kazi yao, na kulika kwake ni sehemu ya desturi. Kilichoviharibia maana siyo hali ya hewa bali wezi waliovipeleka Marekani kwa wakusanyaji wa sanaa. Jumba la Makumbusho la Denver lilikubali mwaka 2014 kurudisha 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Naviheshimu vigango kwa sababu waliovisimika walikwisha amua tangu siku ya kwanza uhusiano wao na wakati utakuwaje. Walichagua mti, wakachagua kutorekebisha, na vyote viwili vilijulikana.

Miradi yetu haiamui. Tunajenga kama watu wanaotaka kitu kidumu, tunatenga fedha kama watu walioridhia kilike. Makanisa ya Norwei hayakusimama kwa viatu vya mawe peke yake. Yamepakwa lami ya msonobari kila baada ya miaka michache, kizazi hadi kizazi, na kila mara alikuwepo mtu aliyejua kuwa safari hii ni zamu yake. Kwenye mchanganuo wetu wa ukurasa mmoja hapakuwa na mstari wa mwaka wa pili. Siku ya kubariki ilikuwa ndiyo mwisho wa mradi, kamati ikavunjwa kwa shukrani na picha ya pamoja. Kwa kibanda cha mbao, siku hiyo ndiyo mvua inaanza kuhesabu. Nimeona visima, vyoo vya shule na madaraja ya miguu yakienda njia hiyohiyo, na sidhani kwamba tatizo ni ufukara. Fedha za sherehe zilipatikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye jina, mwenye funguo za sanduku dogo, na mwenye haki ya kuitisha fundi bila kungoja kikao.

Kibanda cha njia panda kimetengenezwa. Fundi alishauri kisibomolewe. Alilibeba paa kwa mirunda, akazikata nguzo zote nne juu ya sehemu iliyooza, penye mbao ngumu, kisha badala ya kuunga miguu mipya akauinua msingi: matofali ya mawe yaliyochongwa, viatu vya chuma juu yake, upenyo wa hewa. Kimo cha kibanda hakikubadilika hata kidogo. Ukingo wa paa umeongezwa kwa bati lililochangwa na vijana wa bodaboda wenyewe, na benchi lao wanalo. Mikato yote ilipakwa dawa mbele ya mama anayefagia, kwa sababu sasa yeye ndiye mtunzaji, jina lake limeandikwa kwenye daftari la parokia pamoja na fungu la kila mwaka.

Jumuiya zimepangiana zamu mbili: mwisho wa Oktoba kabla ya mvua, na Mei baada ya mvua. Wanaokuja zamu huja na ufagio, brashi, kopo la mafuta ya mbao na bisibisi. Wanaondoa majani juu ya paa na udongo uliojikusanya kwenye viatu. Wanaangalia kama kuna kijia cha mchwa juu ya chuma. Wanakaza nati za bolti, kwa kuwa mbao zikisinyaa nati hulegea. Kisha wanaichoma ncha ya bisibisi kwenye mguu wa kila nguzo, pande zote nne, na kwenye vichwa vya kenchi. Ikigota, mbao ni nzima, wanapaka mafuta na kwenda zao. Ikizama, mtunzaji anampigia fundi simu siku hiyohiyo, na malipo yanatoka kwenye lile fungu.